Msipige Honi Getini

4 Februari 1998

Mjomba wangu,

Shikamoo. Sisi huku hatujambo, ila goti la mama la kushoto limeanza tena kutabiri mvua, na mwaka huu linatabiri vizuri kuliko redio. Mimi bado niko zahanati ile ile. Tulikuwa wakunga wawili. Mwenzangu naye amejifungua, yuko likizo, kaniachia wajawazito wote peke yangu. Nacheka ili nisilie.

Sasa tafuta pa kukaa kabla hujaendelea kusoma. Nimenunua gari.

Najua ilinipasa nikuulize kwanza. Nilipiga simu gereji mara mbili. Mara ya kwanza iliita mpaka ikachoka. Mara ya pili mtu aliinua, akasema, "Haloo, haloo, piga baadaye," akakata, na sauti ilifanana na yako. Daktari wetu alikuwa anastaafu na alikuwa anauza kigari chake cheupe cha milango miwili, wanunuzi wanakizunguka. Nikaona nikingoja ushauri nitabaki na ushauri bila gari. Miaka mitatu nimewafuata wazazi kwa baiskeli, Mjomba. Wa karibu nawawahi. Wa mbali nafika mtoto keshalia, ananitazama kama mgeni aliyechelewa chakula. Mmoja mwaka jana nilifika hakulia kabisa. Hapo ndipo nilipoamua.

Nimekiita Kobe, kwa umbo lake na kwa mwendo wangu. Leseni ninayo tangu chuo, ila kuendesha ni kitu kimoja na kutunza ni kingine. Mimi najua kuweka mafuta na kupiga honi, basi. Nieleze mtu wa kawaida anatakiwa afanye nini kila siku na kila wiki ili gari lisimwache njiani.

Halafu Kobe ana mlio. Asubuhi nikimwasha, hutoa kelele nyembamba ya kukereketa, kama mtoto aliyenyimwa kitu, dakika moja hivi, kisha hunyamaza akipata moto. Wewe ungejua mara moja. Nakukumbuka ukiweka ncha ya bisibisi ndefu juu ya injini na kishikio sikioni, umefumba macho, mimi nimeshika boksi la spana nimebana pumzi nisikuharibie. Ulinipa jina kwa kazi hiyo, na mpaka leo nalijibu.

Mama hajui kuwa nakuandikia. Ana neno nawe tangu Desemba na kanikataza nisiliguse, basi siligusi. Lakini ungemtumia hata mistari miwili.

Mpwa wako,
Bisibisi

*

27 Februari 1998

Mpwa wangu Bisibisi,

Marahaba. Barua yako ilikaa posta siku nane kwa sababu sikuwa na habari kuwa kuna mtu bado ananikumbuka. Mimi mzima. Mgongo unaniambia umri wangu kila nikiinama, nami najifanya sijaelewa.

Umenunua gari kama watu wanavyonunua nyanya, kwa kuangalia rangi. Lakini maji yakimwagika hayazoleki, na sababu uliyoitoa siwezi kuibishia. Simu ya gereji usipige tena. Ni mbovu, waya wake umeliwa na panya. Andika. Barua haikatiki.

Sikiliza basi. Asubuhi, kabla ya kuwasha, gari likiwa mahali tambarare, fungua boneti. Chomoa kijiti cha oili, kifute kwa kitambaa, kirudishe, kichomoe tena. Oili iwe kati ya alama mbili. Chini ya hapo ongeza, juu ya hapo usiongeze kwa ukarimu, injini si mgeni. Isugue kati ya kidole na gumba. Ikikwaruza kama ina mchanga, imechakaa, ibadilishe. Ikiwa na rangi ya chai ya maziwa, maji yameingia, usiwashe, tafuta fundi.

Rejeta ifungue ikiwa baridi tu. Rejeta ya moto ni kama mtu mwenye hasira, mwache apoe ndipo umfungue mdomo. Nimeona watu waliobabuka uso kwa kukosa subira ya nusu saa.

Usiku tandika boksi lililokunjuliwa chini ya gari. Asubuhi litakusomea habari. Tone jeusi ni oili ya injini. Tone la kijani lenye harufu tamutamu ni la rejeta. Tone jepesi la utelezi karibu na gurudumu ni la breki, na hilo halina "nitaangalia kesho", siku hiyo unarudi kwenye baiskeli. Betri ikiota unga mweupe kwenye vichwa vyake, isugue kwa maji ya moto na brashi, kausha, paka grisi kidogo.

Tairi zipime upepo zikiwa baridi, na la akiba ulipime pia. Watu hulisahau la akiba mpaka siku ya kulihitaji, nalo huwa limelala kama wao. Pitisha kiganja juu ya tairi, nje na ndani; upande mmoja ukiwa umelika kuliko mwingine, magurudumu hayajakaa sawa. Ukibadilisha tairi, kaza nati kwa kuruka, hii halafu ya upande wa pili, usizungushe mfululizo. Ukiisha kwenda mwendo wa nusu saa, simama uzikaze tena. Hilo la kukaza tena ndilo wengi hulidharau. Ukishuka kilima kirefu, simama, sogeza mgongo wa mkono karibu na kila gurudumu bila kugusa. Moja likiwa la moto kuliko wenzake, breki yake inang'ang'ania. Ukinusa kitu kinaungua, amini pua yako kuliko abiria. Na tangi lisishuke chini ya robo, uchafu wote hukaa chini.

Usipoziba ufa utajenga ukuta, hilo ndilo somo lote, mengine ni maelezo.

Mimi injini siku hizi nimepunguza. Nafanya tairi na betri, inatosha kwa mtu wa umri wangu. Mambo ya Desemba siyajui. Kama mama yako kanuna kwa kuwa sikuandika mwaka mpya, mwambie anisamehe. Nisalimie sana Shangazi. Mwambie lile blanketi zito nililomwahidi nimeshalinunua, la rangi ya kahawia kama alivyotaka, natafuta msafiri wa kulibeba.

Mjomba wako

*

24 Machi 1998

Mjomba,

Shikamoo. Mama anaendelea, goti limetulia. Kobe naye anaendelea. Boksi lilinisomea matone mawili ya kijani, nikafuata mpira wa rejeta kwa kidole mpaka nikakuta klipu iliyolegea, nikaikaza mwenyewe. Nilijisikia kama nimezalisha mapacha. Mwezi huu nimewahi wazazi wanne, wote wa mbali.

Ule mlio wa asubuhi hukunijibu. Sasa umekuwa mrefu zaidi.

Hayo ndiyo ya Kobe. Nilisema siligusi lile neno, lakini barua yako imenilazimisha, na nimeificha mama asiione. Unamsalimia nani, Mjomba? Unamnunulia nani blanketi?

Bibi alifariki tarehe kumi na moja Desemba, asubuhi, katika kile chumba cha uani, mama amemshika mkono. Mtu aliyewalea nyinyi wawili tangu mkiwa wadogo, aliyekuwa shangazi akawa mama. Mama hakutaka mtu mwingine akuambie. Alikwenda posta na sarafu mkononi, akasimama kwenye kile kibanda cha simu, akakuambia kwa kinywa chake, "Kaka, Shangazi ametutoka." Nawe ukamjibu, "Vizuri, vizuri, nashukuru, wasalimie wote." Ukakata.

Alirudi nyumbani akaosha vyombo vilivyokuwa safi. Kesho yake tulichelewesha maziko saa nzima tukiitazama barabara. Watu walipouliza kama umepewa habari, mama alisema umepewa. Tangu siku hiyo hakulitaja jina lako, na mimi nilipotaka kukuandikia tena juu ya msiba alinizuia, akasema aliyeambiwa haambiwi mara mbili.

Nilidhani mmegombana jambo nisilolijua, nikakuandikia habari za gari ili angalau njia isiote majani. Sasa unaniletea salamu za marehemu. Sijui kama ni dharau au umekuwa mtu nisiyemfahamu. Nina hasira na wewe, na nimeona afadhali niseme.

Bisibisi

*

19 Aprili 1998

Mpwa wangu,

Nimepata barua yako. Nimeisoma mara nne. Siwezi kuijibu leo.

Kuhusu mlio, muulize fundi wa hapo karibu. Usiende mbali kabla hajaangalia.

Mjomba

*

2 Juni 1998

Mjomba wangu,

Shikamoo. Mama hajambo. Analima bustani yake ya mchicha na kugombana na kuku wa jirani, kwa hiyo ni mzima.

Barua yako ya mistari minne iliniudhi kuliko kama usingeandika. Kwa hasira hiyo sikwenda kwa fundi. Kosa ni langu, usinisomee.

Jumamosi moja katikati ya Mei niliitwa kwa mzazi wa mbali, mimba ya kwanza, uchungu tangu alfajiri. Nikiwa zaidi ya nusu ya njia, ule mlio ukapanda kwa ghafla, kukawa na kishindo kidogo chini ya boneti, kisha kimya. Taa nyekundu ya betri ikawaka. Baada ya muda sindano ya geji ya joto ikaanza kupanda. Nilitaka kuendelea, Mjomba, naapa nilitaka, zilibaki kilomita tatu tu. Lakini nikakusikia unasema mwache apoe. Nikasimama, nikazima, nikachukua begi langu, nikatembea. Nilifika viatu mkononi. Mtoto wa kike, kilo tatu na robo, alilia kabla sijamgusa. Nikalia naye.

Fundi aliyekuja kumvuta Kobe alicheka aliponisikiliza. Alisema mkanda wa feni ulikuwa umelegea na kuchakaa, ukakatika. Kwamba mkanda uliolegea hupiga kelele hivyo hivyo asubuhi, hunyamaza ukishapata moto. Kwamba jambo hilo hata muuza mafuta analijua kwa kusikia tu. "Kwani hukumwambia mtu?" akaniuliza.

Nilimwambia mtu. Nilimwambia fundi ambaye, nilipokuwa mdogo, alijua gari la kila jirani akiwa amelala nyuma ya nyumba, na kusema, "Huyo plagi yake moja imekufa," kabla gari halijatokea kona.

Nikatoa barua yako ya Februari, nikaisoma upya. Ni barua nzuri, imeniokoa. Lakini humo ndani mna kutazama, mna kugusa, mna kunusa. Umenifundisha hata mgongo wa mkono. Sikio hukulitaja hata mara moja.

Wiki iliyofuata alikuja zahanati bibi mmoja, mama mkwe wa mgonjwa wangu. Nilimwambia kwamba mkwewe inabidi apelekwe hospitali kubwa, amepoteza damu. Yule bibi akanitabasamia vizuri, akasema, "Ahsante, na wewe pia." Binti yake akanivuta pembeni akaniambia mama hasikii, huwa anajibu salamu kwa kila kitu ili watu wasijue. Mgonjwa alipona, usiwe na wasiwasi. Lakini nilibaki nimesimama pale na kadi mkononi, naisikia "vizuri, vizuri, nashukuru".

Mjomba, husikii?

Kama nimekosea nitukane. Kama sijakosea, nisamehe barua ya Machi. Sijamwambia mama kitu. Na ule waya wa simu, sidhani kama panya anahusika.

Bisibisi wako

*

30 Juni 1998

Mpwa wangu mpenzi,

Marahaba. Huna kosa la kusamehewa. Panya naye, kama ulivyoona mwenyewe, hana hatia.

Ni kweli. Inaingia mwaka wa tatu. Miaka thelathini ya nyundo na kompresa, na sikuwahi kuziba sikio hata kwa pamba, maana fundi akiziba masikio atajuaje gari linamwambia nini. Kwanza ziliondoka sauti nyembamba. Kengele ya baiskeli. Ndege. Mkanda wa feni. Sauti za watoto, halafu za wanawake. Injini nzito nilizisikia bado, nikajidanganya kuwa ni dunia iliyotulia. Uliponiandikia habari za kelele nyembamba ya asubuhi, nilijua kuwa ni mkanda. Nilijua, Bisibisi. Lakini ningejibu hilo ungeniandikia mlio mwingine, na mwingine, na siku moja ungeniletea gari lenyewe uniambie, "Sikiliza, Mjomba." Nikaona ninyamaze. Kunyamaza kwangu kulitaka kukuacha njiani na mzazi wa watu, na hilo nimelibeba tangu nipate barua yako.

Si la kwanza. Mwaka juzi mwalimu mmoja aliniletea gari lake, akasema gurudumu la mbele linavuma. Nililizungusha, nikaliendesha, sikusikia kitu. Nikamwambia ni barabara tu. Siku ya tatu beringi ilisagika, gari likaingia mtaroni, akavunjika mkono. Alipotoka hospitali alikuja kunisalimia, akaniambia, "Fundi, ilikuwa bahati mbaya." Sikumsahihisha. Ndipo nilipoacha injini nikashika tairi na betri, vitu vinavyosema kwa macho. Watu wanadhani nimezeeka. Nimewaacha wadhani.

Sasa ya Desemba. Simu siisikii ikiita. Siku ile jirani yangu, mshona viti vya magari, alininyooshea kidole kwenye meza, nikainua. Nilisikia sauti ya mama yako kwa mbali, kama mtu anayesemea ndani ya pipa. Nilijua ni yeye kwa jinsi anavyovuta pumzi kabla ya kusema. Neno hata moja sikulipata. Aliponyamaza nikajua zamu yangu imefika, nikampa jibu ninalowapa wote, kwa sababu watu wengi hupiga simu kusalimia. Na nilifurahi. Siku nzima nilifanya kazi nikiwa na furaha kwamba dada yangu amenipigia.

Barua yako ya Machi nilipoisoma nilifunga gereji, nikaingia ndani ya gari lililokuwa juu ya mawe, nikakaa mpaka giza. Shangazi ndiye aliyenifundisha kusema, mama yako alikuwa bado mgongoni. Ndiye aliyeninunulia bisibisi ya kwanza nilipovunja saa yake nikaitengeneza. Kifo chake mimi nilikijibu "vizuri". Nimemlilia miezi minne baada ya wenzangu kumaliza, peke yangu, bila mtu wa kunipa pole. Hilo ndilo sikuweza kuandika Aprili.

Blanketi lipo. Sijui nilifanye nini. Nalifunika kwenye kiti, naliona likiwa hapo.

Ile bisibisi ndefu bado ninayo. Kishikio nakiuma kwa meno, ncha juu ya injini, mtetemo unapanda kwenye taya. Napata kitu. Lakini si kusikia, na sitaki mteja anikute nimeuma chuma.

Nakuomba jambo moja. Mama yako usimwambie. Afadhali aniite mkorofi. Mkorofi hupatanishwa na watu wakacheka. Kiziwi huhurumiwa, na fundi anayehurumiwa hapewi gari.

Mjomba wako

*

21 Julai 1998

Mjomba wangu,

Shikamoo, na pole. Pole ya Bibi, kwanza. Imechelewa miezi saba lakini ipokee, ni yako kamili, hujagawana na mtu.

Sasa nikiri. Nimekuasi. Ulisema nisimwambie mama. Sikumwambia. Nilimpa barua akaisoma mwenyewe.

Usikasirike kabla hujamaliza ukurasa. Mficha uchi hazai, na hilo nakuambia kama mkunga, nimeliona kwa macho. Halafu wewe ndiye uliyenifundisha kwamba tone la breki halina kesho. Mteja akija kwako na gari linalovuja mwaka wa tatu, analifunika turubai ili majirani wasione, ungemwita nani? Sindano ya geji yako imepanda siku nyingi na wewe umeigeuzia kisogo. Sikio nalo lina fundi wake. Nimemuuliza daktari wetu mstaafu, anasema kuna wapimaji wa masikio katika hospitali kubwa huko kwenu, na kwamba wenye tatizo kama lako mara nyingi hubakiwa na kitu cha kusaidiwa. Haahidi. Anasema nenda.

Mama aliisoma amesimama jikoni, mikono ina povu, akaifuta mara mbili kabla ya kushika karatasi. Nilikuwa mlangoni. Alipofika kwenye simu alirudi mstari mmoja nyuma. Kisha akasema kwa sauti yako hasa, ile nzito, "Vizuri, vizuri, nashukuru," akaanza kucheka. Alicheka mpaka akashika meza. Nami nikacheka, Mungu anisamehe. Halafu kicheko kikageuka mikononi mwake, akakaa kwenye kigoda akalia kama ambavyo sikumwona akilia siku ya maziko. Aliniambia, "Miezi saba nimemnunia mtu ambaye hata kununa kwangu hakukusikia." Baadaye akasema, "Alifurahi siku nzima," akakirudia hicho kipande mara kadhaa huku anaanika nguo. Nadhani hicho ndicho kilichomuumiza kuliko vyote.

Jioni aliniuliza kama Kobe anaweza kufika kwenu. Nikamwambia ni mwendo wa siku mbili na goti lake halitapenda. Akasema goti limekaa miaka sitini na mbili likimsumbua, mara moja lisumbuke lenyewe. Mwenzangu amerudi kazini, nami nimepata likizo kuanzia tarehe ishirini na mbili Agosti. Tutalala njiani kwa binamu wa baba, tutafika Jumapili mchana.

Kwa hiyo nieleze namna ya kumwandaa Kobe kwa safari, na usinifiche kitu. Safari hii taja na masikio. Mimi ninayo mawili, nitayatumia kwa niaba ya ukoo.

Bisibisi

*

9 Agosti 1998

Mpwa wangu asi,

Marahaba. Nilikasirika siku mbili. Siku ya tatu nilifagia chumba cha wageni, kwa hiyo hasira ilikuwa imekwisha bila kunitaarifu.

Wiki moja kabla ya safari badilisha oili na kichujio chake, usifanye jana yake. Kama kuna kosa la fundi, bora lijitokeze ukiwa karibu na nyumbani. Mkanda mpya ubonyeze kwa gumba katikati, uingie kidogo tu, kama unene wa kidole. Nunua mwingine, uweke chini ya kiti pamoja na spana inayofungua nati zake. Chupa mbili za maji, kitambaa, tochi, jeki ambayo umeijaribu. Ijaribu uani, mama yako akitazama, ili akucheke huko badala ya njiani. Mizigo mizito ikae chini na mbele kidogo, isirundikwe nyuma kabisa. Tairi za nyuma ongeza upepo kidogo kwa sababu ya mzigo, na mimi ninamjua mama yako, hasafiri na mkoba mmoja.

Simama kila baada ya saa mbili. Wewe zungukia magurudumu na mgongo wa mkono, yeye anyooshe goti. Ukiteremka kilima shuka na gia ndogo, usikalie breki.

Sasa masikio, kama ulivyotaka. Zima redio dakika kumi za kwanza kila asubuhi, fungua dirisha. Mlio mwembamba wa asubuhi ni mkanda, huo unaujua. Mvumo unaokua kadiri unavyoongeza mwendo, na unaobadilika ukikata kona, ni beringi ya gurudumu. Huo usiambiwe na mtu kwamba ni barabara. Chuma kusaga chuma ukikanyaga breki, pedi zimekwisha. Kugongagonga kwenye kona, viungo vya mbele vimechoka. Nimeyaandika haya polepole. Nilipokuwa naandika kila mmoja niliusikia, kichwani bado imo yote.

Yule mwalimu nimemwambia. Nilimfuata nyumbani kwake. Alikaa kimya muda mrefu, au alisema jambo nisilolipata, sijui. Kisha akanipa mkono, ule ule uliovunjika. Kwa mpima masikio nimekwenda Jumanne. La kulia limekwisha kabisa. La kushoto kuna kilichobaki, ameniagizia kidude cha kuvaa nyuma yake, kitafika Oktoba. Mshona viti anasema nikishakivaa nitaacha "piga baadaye" yangu, basi nianze kuchangia bili ya simu. Namvumilia.

Blanketi nimelitoa kwenye kiti, nimelianika juani. Ni la goti la mama yako.

Mkifika msipige honi getini, sitaisikia, mtachosha majirani bure. Sukumeni tu, sitaweka komeo. Nitakuwa nimekaa pale mbele tangu asubuhi, nimeelekea barabarani.

Na mwambie dada yangu ninamwomba kitu kimoja kabla ya chai na kabla ya salamu. Akae mbele yangu, kwenye mwanga, aniambie upya habari ya Shangazi, taratibu, kama mtu ambaye hakuwahi kuambiwa. Nitamtazama mdomoni mpaka amalize, ndipo nitajibu.

Mjomba wako